Sisi Wananchi wa Mtaa wa Kitopeni

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Mzee Luhende alibisha hodi kwa Bi Yustina Mahenge akiwa amekumbatia mfuko wa sembe, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Bi Yustina alipomwona alishtuka. Walikuwa hawasemeshani tangu mwezi wa tatu, na ugomvi wenyewe ulihusu mashine ya kusaga ya huyo huyo mzee, iliyokuwa ikianza kunguruma kila siku kabla jua halijatoka.

"Karibu," alisema, kwa sauti ya kumwambia asikaribie.

"Sikai, dada Yusta. Nimekuja kuomba radhi. Napita nyumba kwa nyumba, na hii ni ya thelathini na tatu."

"Radhi ya nini tena?"

"Ya makelele." Mzee Luhende aliuweka mfuko kizingitini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Masjala imeniletea barua. Mtaa mzima umenikataa, watu mia nne na kumi na wawili. Ijumaa nahamishwa, nyumba, mashine na mimi mwenyewe, mpaka Bonde la Viwanda. Sijaja kubembeleza. Nimekuja kusema samahani, nisiondoke na kinyongo cha watu."

Bi Yustina aliutazama ule mfuko wa sembe.

"Angekuwa mtu mmoja ningemfuata," mzee aliendelea. "Tungefokeana, tungenuniana wiki mbili, mwisho tungecheka. Lakini mtaa mzima, dada! Miaka kumi na tisa nawasagia mahindi, wananiita mjomba, kumbe moyoni wanahesabu siku. Nawapitisha mmoja mmoja kichwani, najiuliza, hata huyu? Na huyu naye?"

Akaaga, akaelekea nyumba ya thelathini na nne. Bi Yustina alibaki ameushika mlango. Mia nne na kumi na wawili! Watu gani hao? Barua ile aliiandika yeye, peke yake, kwenye meza yake ya kulia chakula, siku ambayo hasira zilikuwa zimempanda kichwani.

*

Msiharakishe kumlaani. Bi Yustina alifanya kazi miaka thelathini katika masjala ya wilaya, ile ya zamani, ya majalada na vumbi. Aliyaona kwa macho yake yaliyokuwa yakizipata barua zilizoanza na "Mimi". Karani mkuu alikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, na barua za kina "Mimi" ndizo zilizokunjwa zikawekwa chini ya mguu ule. Barua iliyoanza na "Sisi wananchi" ilipigwa muhuri ikapanda ghorofani. Basi mtu mwenye akili timamu angeandikaje? Na si yeye peke yake. Katika nchi ile kila mwenye lake moyoni aliandika "Sisi wananchi", hata kama wananchi wenyewe ni yeye na paka wake. Kusema "mimi nataka" kulionekana ni uroho.

Halafu likaja jiji la Nyundasi, na Masjala mpya.

Nyundasi limejengwa juu ya udongo mtiifu. Chembe zake ni ndogo kuliko ulezi, na kila chembe inawajua jirani zake na kukumbuka ilipotoka. Ukiuamuru udongo huo, unabeba nyumba na watu wake ndani, chai haimwagiki kikombeni. Magari hayaruhusiwi juu yake, kwa sababu magurudumu mazito yanazichanganya chembe. Na anayeuamuru ni Masjala, akili iliyoenea ndani ya udongo wenyewe. Mwananchi akiwa na lalamiko anaibandika karatasi yake kwenye ukuta wowote, ukuta unaisoma. Kila Ijumaa saa tisa alasiri, watu wakishatoka msikitini na kula, honi inalia, na jiji linajipanga upya kama wananchi walivyoomba. Penye wengi wanasikilizwa wengi. Waasisi waliifundisha Masjala jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba neno la mwananchi ni kiapo. Masjala ikaamini; ukiandika "Sisi wananchi wa mtaa", inahesabu mtaa mzima. Hakuna aliyekumbuka kuieleza tabia zetu.

Kwa hiyo "Sisi wananchi wa Mtaa wa Kitopeni" alipolalamikia giza, taa zilikuja. Alipolalamikia mtaro, mtaro ulijichimba. Na miaka mitano iliyopita, dada yake mkubwa, Apolonia, alipokuwa akizimia njiani kila akitoka hospitali kuu kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zilishachoka, wananchi wale wale waliomba zahanati. Ijumaa moja zahanati ilitokea nyuma ya kilima, nyeupe, na vitanda vyake sita na mashine zake za kusafishia damu, ikatembea taratibu mpaka mkabala na mlango wao. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Kila mmoja alidhani wenzake ndio walioandika.

*

"Shikamoo, Bi Yustina," alisema Mbwilo, mtendaji wa mtaa, alipomwona akiingia ofisini, mdomo umejaa muhogo wa kuchemsha.

"Marahaba. Nataka kufuta barua. Ile ya mashine."

"Barua ya watu mia nne na kumi na wawili inafutwa na watu mia nne na kumi na wawili. Walete."

"Na kama hawakufika hao?"

Mbwilo aliacha kutafuna. "Walipungua wangapi?"

"Walipungua kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

Bi Yustina aliangalia dari. "Tuseme mia nne na kumi na mmoja."

Yule kijana, maana kwake mtu wa miaka arobaini alikuwa kijana, aliinuka akaenda kufunga mlango. Hakumfokea, na heri angemfokea. Aliweka kiganja ukutani, akasema, "Masjala, nionyeshe barua zote za mkono huu."

Ukuta ulitetemeka. Kutoka chini mpaka juu udongo uliinuka herufi kwa herufi, na Bi Yustina akauona mwandiko wake mwenyewe umejaa ukuta mzima. Barua hamsini na nane. Palipokuwa na hasira herufi zilizama ndani zaidi, kama kalamu yake ilivyokandamiza karatasi. Mahali alipolia wakati akiandika kuhusu Apolonia, ukuta ulikuwa na vidoa viwili vidogo vya unyevu. Alikigusa kimoja kwa kidole. Katika maisha yake yote hakuwahi kusomwa hivyo na yeyote, si mume, si mkubwa wa kazi, si padri.

"Inakumbuka kila kitu," alisema kwa kunong'ona.

"Inaheshimu kila kitu," alisema Mbwilo. "Sasa sikiliza. Ukikiri kwamba hii ya mashine ilikuwa yako peke yako, Luhende atabaki. Lakini zote hamsini na nane zitahesabiwa upya. Taa na mtaro sidhani kama kuna mwingine anavigombea. Zahanati ndiyo yenye wenyewe."

"Wenyewe gani?"

Mbwilo alisogeza kiganja. Ukuta ukajifuta, zikatokea karatasi nyingine, na hizi zilikuwa na majina, jina kwa jina, kila jina na alama ya dole gumba. Zilitoka Mtaa wa Machinjioni, ng'ambo ya kilima. Waliomba zahanati ile ile, mwezi ule ule. Watu themanini na watatu waliotia dole kweli, wakashindwa na mia nne na kumi na wawili wa karatasini.

"Wameomba tena kila mwaka," alisema Mbwilo. "Tazama hesabu."

Bi Yustina alitazama. Themanini na watatu. Themanini na mmoja. Themanini. Sabini na tisa. Sabini na wanane. Ya mwaka huu, sabini na sita.

"Wanahama?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Hapana, mama."

Alichukua kanga yake akainuka. Mlangoni aligeuka. "Hakuna jambo ambalo mtu mmoja anaweza kuomba akasikilizwa?"

"Lipo moja tu, kuhamisha nyumba yako mwenyewe. Hapo saini ya mwenye nyumba inatosha. Sijaona aliyeomba. Nani atauacha mtaa wake?"

"Labda mwendawazimu," alisema Bi Yustina, akatoka.

*

Apolonia alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ukili, plasta mpya mkononi, anachambua maharage. Alikuwa na miaka sabini na minne, mwembamba sana, na hakuwa na haja ya kuambiwa kitu mara mbili.

"Umekuja na uso wa msibani," alisema. "Kafa nani?"

Bi Yustina alitaka kudanganya. Alishaandaa na uongo wenyewe, wa kichwa kuuma. Alipofungua mdomo akajikuta anasema yote, Luhende na unga wake, ukuta, majina, madole. Apolonia aliendelea kuchambua maharage mpaka aliposikia hesabu ya mwisho. Hapo mikono ikasimama.

"Wamekufa saba."

"Pengine walikuwa na maradhi mengine, Dada."

"Pengine." Aliokota jiwe kwenye ungo akalitupa nje. "Sasa unaniuliza nini?"

"Nakuuliza wewe! Zahanati ikiondoka, utavukaje kilima mara tatu kwa wiki? Umesahau ulivyokuwa unaanguka? Nilikubeba mgongoni, Dada, mtu na ukubwa wake, huku unaniomba nikuache ulale barabarani!"

"Sijasahau. Naogopa, Yusta, usidhani siogopi. Kile kilima nakiota usiku." Akauweka ungo chini. "Lakini jana kwenye kile kitanda nililala usingizi mzuri. Kesho kutwa nikilala nitakuwa najua nimelalia kitanda cha mtu. Damu itasafika, sawa. Na mimi je?"

Bi Yustina alilia. Alilia kwa sauti, ungo wa maharage katikati yao, kwa sababu alimpenda dada yake kuliko kitu chochote, na kwa sababu kwa miaka mitano alijisifu kimoyomoyo kwamba yeye ndiye aliyemponya. Alipomaliza alichukua karatasi. Mkono ulikataa neno la kwanza, ukaandika "Sisi" kwa mazoea. Aliichana, akaanza upya.

YAH: UONGO WANGU.

Mimi, Yustina Mahenge, peke yangu, ndiye niliyeandika barua zote hamsini na nane. Hakuna mwananchi mwingine aliyenituma. Mashine ya Mzee Luhende inanikera mimi tu. Zahanati ni ya watu wa Machinjioni. Sina ombi.

Aliibandika ukutani kabla ujasiri haujaisha. Ukuta uliinywa.

"Nipe na mimi karatasi moja," alisema Apolonia.

"Ya nini?"

"Ya mambo yangu. Kwani wewe peke yako ndiye unayejua kuandika?"

*

Kwa Luhende alikwenda siku ya pili yake. Alimkuta nje ya mashine anafunga mizigo kwa kamba, na alimwambia wamesimama, bila kuzungukazunguka.

"Ni mimi. Wale mia nne na kumi na wawili ni mimi."

Mzee alisimama na kamba mkononi. "Wote?"

"Wote. Peke yangu."

"Mama Zuhura hakuandika?"

"Hapana."

"Wale wa kwa Kihampa?"

"Hawajui chochote."

Basi Mzee Luhende alikaa chini, palepale juu ya gunia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga usoni. "Mmoja!" alisema. "Mmoja tu! Jamani! Nimegawa sembe nyumba hamsini na moja kwa ajili ya mtu mmoja!" Baadaye, alipokumbuka, alikasirika, akamwambia maneno ambayo Bi Yustina aliyastahili. Lakini kicheko kile ndicho Bi Yustina alichokwenda nacho nyumbani, akapata usingizi.

Masjala ilikuwa haijajibu. Haijawahi kutokea. Barua hujibiwa kabla karatasi haijakauka, na ile ilikaa siku nzima kimya, kuta zikawa baridi, milango ya kujifungua ikachelewa kufunguka. Watu walianza kuogopa. Mbwilo alisema kwamba Masjala ilikuwa ikipekua barua zote za Nyundasi za kabla ya hiyo, tangu jiji lizaliwe, elfu sitini na moja na ushei, ikitafuta nyingine inayoanza na "Mimi". Haikupata.

Alhamisi adhuhuri ikajibu, na haikumjibu Bi Yustina peke yake. Kwenye kila ukuta wa Nyundasi, vyumbani, sokoni, shuleni, juu ya mlango wa msikiti na wa kanisa, udongo uliinuka ukaandika swali moja kwa herufi za ukubwa wa mkono wa mtu: BARUA YAKO ILIKUWA YA WANGAPI?

Jiji zima lilisimama kusoma. Hata watoto waliacha kucheza. Ni jambo la kutisha, na ni jambo zuri pia, kuulizwa na kitu kikubwa namna ile, kwa upole, bila kutishiwa adhabu. Bi Yustina alisimama barabarani akatazama swali lile likirudiwa kutoka ukuta hadi ukuta mpaka kwenye kilima. Halafu mlango mmoja ulifunguka, akatoka mwanamke amejifunika uso kwa aibu, anacheka, akabandika karatasi. Ukafunguka mwingine. Kufika saa kumi mitaa yote ilikuwa imejaa watu na karatasi zao, na kila mmoja aligundua kwamba jirani yake naye alikuwa mia nne.

*

Ijumaa honi ililia saa tisa kama kawaida, ila safari hii ililia muda mrefu kuliko siku zote.

Bi Yustina alikuwa dirishani. Kwanza ilikuja sauti, mchakacho mwembamba wa chembe kuamka, ambao kila Ijumaa ulikuwa ukitoka pembe moja ya mji. Leo ulitoka kila upande, chini ya nyayo, mpaka vikombe kabatini vikaanza kugongana. Ndipo Nyundasi lote likainuka.

Mungu wangu! Ubavu wa kilima ulipasuka taratibu ukawa njia. Shule ilipita na mlingoti wake wa bendera, wanafunzi wamejazana madirishani wanapunga mikono. Visima vilipita na maji yake, yamejaa pomoni, hayamwagiki. Barabara zilijikunjua, zikainama, zikapisha nyingine. Soko liligawanyika mara mbili, nusu ikaenda kusini kwa wale ambao kumbe miaka yote walikuwa wakitembea nusu siku kununua nyanya. Hapakuwa na kelele wala vumbi la kuziba macho, ni mchakacho ule tu, na majumba yakipishana kwa adabu. Bi Yustina alishika kifua. Alikuwa ameandika mistari sita kwenye karatasi moja.

Zahanati nyeupe mkabala na mlango ilijitikisa, ikasimama. Wauguzi walikuwa barazani. Mmoja alimpungia mkono. Ikageuka, ikaanza kuelekea Machinjioni.

"Nenda," Bi Yustina aliiambia. "Nenda, wamekusubiri sana."

Ndipo sakafu ikasogea chini ya miguu yake.

"Dada! Nyumba inakwenda! Dada, wamekosea, nyumba yetu inakwenda!"

Apolonia alikuwa kwenye kiti chake, kanga mpya begani, chupa ya chai mapajani. Alikuwa amevaa na viatu.

"Hawajakosea. Nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yako, lakini..."

"Basi. Niliandika mistari miwili tu. Mimi Apolonia Mahenge, naomba nyumba yangu ifuate zahanati. Sikumchukulia mtu chochote." Alimtazama mdogo wake, na sauti ikamlegea. "Sikukuuliza kwa sababu ungekataa kwa ajili ya mtaa, halafu ungekubali kwa ajili yangu, na ungenuna mwaka mzima. Ukitaka kushuka, mlango ule pale, hatujafika mbali."

Bi Yustina alitazama mlango. Nje, Kitopeni ilikuwa ikirudi nyuma, taa zake, mtaro wake, mti wa mlangilangi wa kwa Kihampa, watu aliowajua miaka thelathini na mmoja wamesimama nje wameduwaa. Hakuna aliyekuwa amejua kwamba wanahama. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha dada yake, akamshika bega, akabaki hapo.

Walipopita mbele ya mashine ya kusaga, Mzee Luhende alikuwa amesimama mlangoni. Mashine ilikuwa imezimwa kwa sababu ya honi. Aliona nyumba, akamwona Bi Yustina dirishani, akaanza kutembea kando yake, halafu kukimbia kidogo, na uzee ule.

"Dada Yusta! Mnakwenda wapi?"

"Machinjioni!"

"Mnarudi lini?"

Bi Yustina alishika fremu ya dirisha. Alitazama jengo lile la bati lililomnyima usingizi miaka kumi na tisa, akainama nje ya dirisha mpaka Apolonia akamshika gauni.

"Luhende! Washa mashine!"

"Nini?"

"Washa mashine, nakwambia! Niisikie!"

Mzee alisimama. Akageuka akarudi mbio, akapotelea ndani. Kwa muda palikuwa na mchakacho wa udongo tu, kisha mashine ikakohoa mara mbili ikanguruma, ule mngurumo wake mbaya wa alfajiri, na vidirisha vya nyumba vikatetemeka kama vilivyotetemeka siku zote. Bi Yustina alifumba macho akasikiliza. Nyumba ilipanda kilima, ikafika juu, ikaanza kushuka upande wa pili, na mngurumo ukawa mdogo. Apolonia alinyoosha mkono afunge dirisha kwa sababu ya upepo, na Bi Yustina akamzuia.